Nilivyolituliza gari lililokuwa likivuta kushoto na kuyumba

Gari dogo, matairi ya saizi 195/65R15. Kwenye lami kavu lilivuta kushoto, na likiingia kwenye mifereji iliyochimbwa na malori lilitangatanga. Mafundi wengi wangekimbilia tairodi, yaani fimbo inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye gurudumu. Mimi naanza na matairi, kwa sababu gari zima limeshika barabara kwa sehemu nne tu, kila moja takriban ukubwa wa kiganja.

Nilipima upepo asubuhi, matairi yakiwa ya baridi. Kibandiko cha kiwango cha upepo kwenye nguzo ya mlango wa dereva mara nyingi huandikwa kwa kilopaskali. Gawanya kwa 6.9 upate psi (pauni kwa inchi ya mraba), kwa hiyo 220 ni karibu 32. Matairi ya mbele yakipishana psi 5, usukani huvuta kuelekea kwenye tairi laini, maana hilo hubonyea na kukokota zaidi. Usipunguze upepo baada ya safari: joto hupandisha presha, na kesho yake utakuta tairi liko chini ya kiwango.

Upepo ulipokuwa sawa nilijaribu kwenye lami iliyo bapa kabisa. Hili husahaulika: barabara huinuliwa katikati ili maji yatoke, nasi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari lolote huelekea kushoto kidogo. Lilivuta bado. Nikabadilishana matairi ya mbele, la kulia kwenda kushoto, na mvuto ukahamia kulia. Hapo tairi lenyewe ndilo lenye kasoro. Mvuto ungebaki kushoto, ningetafuta kasoro ya alaimenti, yaani mpangilio wa uelekeo wa magurudumu, au breki inayoshika. Tairi lenye mshale wa mwelekeo halibadilishwi upande bila kulitoa kwenye rimu.

Kuyumba kulikuwa na chanzo kingine. Nilipiga jeki, nikashika gurudumu kulia na kushoto, nikalitikisa: lilicheza, yaani tairodi endi, kiungio cha mwisho wa tairodi, imelegea. Lingecheza juu na chini, ningeshuku boljointi (kiungio kinachoruhusu gurudumu kugeuka) au beringi (golori ambazo gurudumu huzungukia). Ukishabadilisha tairodi endi, alaimenti ni lazima, kwa kuwa urefu wake ndio unaopanga uelekeo wa magurudumu. Yakitazama nje kupita kiasi, gari hutafuta njia kila tuta dogo.

Mifereji ya malori, kama ile ya kwenye vilima vya barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, haiponywi na fundi. Lori zito likipanda polepole juu ya lami yenye joto, lami husukumika. Tairi pana huteseka zaidi kwa sababu ukingo wake hupanda ukuta wa mfereji. Mvua ikinyesha, humo ndimo maji hutuama, na kashata, yaani vinundu vya mpira kwenye uso wa tairi, zikiwa na kina chini ya milimita 3 haziwezi tena kuyatoa haraka. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, tairi limeelea: achia mafuta, usikanyage breki, shika usukani ukiwa umenyooka.

Kwenye changarawe, kokoto juu ya ardhi ngumu huzunguka kama golori, na kwenye rasta, yaani mawimbi madogo ya barabara ya vumbi, tairi huruka hewani, halina cha kushika. Kupunguza psi 4 husaidia, mwendo ukiwa mdogo. Jaza kabla ya kurudi lami, ukuta wa tairi usije ukaungua kwa kujikunja.

Nilinunua matairi mawili, si moja, yakafungwa nyuma. Yale mazima ya nyuma yakaja mbele. Mbele ikiteleza, ukipunguza mwendo usukani hurudi. Nyuma ikiteleza kwenye kona yenye maji, gari huzunguka kabla hujawahi kulirudisha.