Nyongeza ya kina hulipiwa kwa nodi

Kwenye mchezo wa sataranji (chess), mweupe amekula askari wa mraba a7 kwa askofu, mweusi kasukuma b6, na askofu kanaswa. Programu (injini) inayomchezea mweupe na kutafuta kina cha 8, yaani hatua nane mbele, nne za kila upande, inaona kabisa kwamba askofu ataliwa. Ila inaona pia kwamba ikitoa cheki (kumshambulia mfalme) isiyo na faida, au ikimtupa askari ambaye lazima aliwe, kifo cha askofu kinasogea hatua mbili mbele. Inarudia hivyo mpaka kifo kivuke hatua ya 8, kisha inajihesabia kwamba askofu amepona. Kumbe sasa itampoteza askofu na askari pia. Hans Berliner aliueleza udhaifu huu mwaka 1973 na kuuita athari ya upeo.

Dawa ni nyongeza ya kina, yaani kutafuta mbele zaidi kwenye baadhi ya hatua. Ya kwanza ni kutokata kina mfalme anapokuwa kwenye cheki: unapoita utafutaji wa hatua inayofuata, badala ya kina − 1 unapeleka kina chenyewe. Ni mstari mmoja wa msimbo, na ndio mstari unaoweza kuziua injini changa. Malkia akimfukuza mfalme kwa cheki mfululizo, kina hushuka mara moja tu kwa kila hatua mbili, tawi linarefuka mno, na saa inaweza kuisha kabla injini haijacheza. Weka mpaka: nyongeza zikome umbali kutoka mzizi, yaani mkao wa kete utafutaji ulikoanzia, unapofikia mara mbili ya kina ulichoanza nacho. Tena ongeza kina kwa cheki isiyopoteza kete tu. Malkia anayejitupa bure mbele ya askari hastahili kuchunguzwa zaidi.

Nyongeza yenye faida kubwa zaidi ni ile ya hatua ya pekee. Ilitoka kwa Anantharaman, Campbell na Hsu, waliojenga kompyuta ya sataranji Deep Thought mwishoni mwa miaka ya 1980, na injini za leo kama Stockfish huitumia kwa sura nyepesi. Swali lake ni hili: je, hatua hii ndiyo peke yake inayoushikilia mkao? Kina kilichobaki kikiwa 8 au zaidi, chukua hatua iliyohifadhiwa kwenye jedwali la hashi, yaani kumbukumbu ya mikao iliyokwisha kutafutwa, mradi ilitafutwa kwa kina kisichopungua kina − 3, alama yake (thamani iliyopewa) si ya mati, yaani mfalme kukosa pa kukimbilia, wala si alama ya kikomo cha juu, inayosema tu kwamba thamani haizidi hapo. Toa kwenye alama hiyo mara mbili ya kina, kwa vipimo vya sehemu ya mia ya askari. Hicho ndicho kizingiti. Sasa tafuta hatua nyingine zote, ukiiacha hiyo, kwa nusu ya kina. Zote zikianguka chini ya kizingiti, hatua ile ni ya pekee: iongezee kina kwa 1.

Makosa huzaliwa hapo kwenye kuiacha hatua. Utafutaji huo usiandike matokeo yake kwenye hashi kwa ufunguo uleule wa mkao, maana unajibu swali jingine. Ukisahau, injini itasoma baadaye kwamba mkao ni mbaya wakati hatua nzuri ilizuiwa tu. Usianzishe pia jaribio jingine la hatua ya pekee ndani yake kwenye nodi ileile (nodi ni mkao mmoja unaochunguzwa katika utafutaji).

Kupima ndiko watu wanakojidanganya. Usilinganishe injini mbili kwa kina sawa: yenye nyongeza kwa kawaida itaonekana bora, kwa sababu imepewa nodi za bure. Zipe idadi sawa ya nodi, tuseme 100,000 kwa kila hatua. Hapa Dodoma njia hii ina faida nyingine, hasa Oktoba na Novemba: kompyuta mpakato ikipata joto hupunguza kasi, na kipimo cha sekunde huyumba. Kila ufunguzi uchezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi, na matokeo yaandikwe kwenye faili kila mchezo unapoisha, umeme usije ukakatika na usiku mzima ukapotea. Michezo 100 haitoshi; kosa lake linaweza kufika alama 50 za Elo (kipimo cha nguvu ya mchezaji) juu au chini, na nyongeza nzuri mara nyingi huleta chini ya hapo. Anza na maelfu. Kisha rudia kwa saa halisi kabla hujaiacha ndani ya injini.