Geti Lilipojibamiza

Juzi jioni upepo ulibamiza geti letu la bati, na kwa mtikisiko ule kuku wa jirani wakaruka kutoka juu ya mti. Mnyororo wa kulifungia ulikuwa unaning'inia tu, kuna mtu alisahau kuuzungusha. Mimi nilidondosha kikombe. Binti yangu alijikunyata akaziba masikio. Kito, mbwa wetu, ambaye sasa ana mvi puani na akilala huinuka kwa awamu, alisimama, akaja mbio kadiri nyonga zake zinavyomruhusu, akakaa mbele yangu wima kama askari, macho yote kwenye mfuko wa gauni langu.

"Mama, mbona Kito haogopi? Mbona kama amefurahi?"

Nikamwambia tulimfundisha. Akauliza tulimfundishaje. Nikasema kwa kucheza. Akaniangalia vile anavyoniangalia akihisi nimemkatia hadithi njiani, na usiku ule usingizi ukaniruka, nikairudia hadithi yote peke yangu gizani.

Ilikuwa Desemba 2015, zile wiki ambazo Wachaga wote wanapanda nyumbani kwa Krismasi na ukipata tiketi ya basi unashukuru Mungu. Dada alikuja kutoka Uingereza kwa wiki tatu. Baba alikuwa bado ana nguvu zake, akiingia shambani asubuhi na kutoka na mkungu begani. Simba, mbwa wetu wa miaka mingi, alikuwa amekufa mwezi wa saba, na Kito ndiye aliletwa kuziba pengo. Alikuwa na umri wa miezi minne, masikio moja juu moja chini, rangi ya mchanga, mbwa wa kijijini kama wengine wote. Mnyororo wa Simba ulikuwa kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni, ukingoja shingo ya Kito ikomae.

Siku ya pili tu dada alichukua kitenge changu kikuukuu, akakipasua vipande vitatu, akasuka kama anavyosuka nywele, akakaa chini uani na nguo zake za safari. Akakiburuta kitenge kile chini, kwa mikato mikato, kama panya anayetafuta pa kujificha. Kito akainama mbele, makalio juu. Akaruka. Akashika. Dada akavuta kidogo, akaachia, akamwacha akimbie nacho kama mshindi.

"Usimsukumie mdomoni," aliniambia. "Hakuna panya anayeingia mdomoni mwa mbwa mwenyewe. Kikimbize, akitafute. Na usimvute kwa nguvu, anabadilisha meno."

Kweli, jioni nililiona jino. Jeupe, dogo kuliko punje ya mchele, limenasa kwenye msuko wa kitenge, na kando yake tone la damu lililokwisha kukauka. Nimelitunza mpaka leo kwenye kopo la vifungo.

Huko aliko, dada alikuwa anacheza na mbwa wake mchezo unaoitwa ajiliti. Mbwa anakimbia njia ya vizuizi: viunzi, handaki, ukuta wa mbao wa kupanda na kushuka, fito 12 za kupita kwa kupinda huku na huku, zimeachana sentimita 60, na yule anayemwongoza anakimbia pembeni bila kumgusa, kwa sauti na mwili tu. Alitusimulia ulivyoanza huku tukiambua maharage. Mwaka 1978, kwenye maonyesho makubwa ya mbwa ya Crufts jijini London, mjumbe mmoja wa kamati aitwaye John Varley alitafuta kitu cha kuwachangamsha watazamaji katikati ya ratiba. Akamwendea mfundishaji wa mbwa, Peter Meanwell, wakaiga mashindano ya farasi ya kuruka viunzi, ila kwa mbwa. Watu wakaupenda, ukaenea duniani.

Baba akauliza swali moja tu: "Na huyu ataruka lini?"

"Haruki, baba. Bado mdogo mno."

Hilo ndilo lilinishangaza zaidi. Nilidhani tutapanga matofali na fito za mgomba siku hiyo hiyo. Dada akaeleza kwamba ncha za mifupa ya mtoto wa mbwa, pale mfupa unapokulia, bado ni laini, na ukimrushisha mapema unaweza kumharibu viungo maisha yake yote. Kule kwao mbwa haruhusiwi hata kuingia mashindanoni kabla ya miezi 18. Kinachofanyika kabla ya hapo ni michezo ya msingi, na vifaa vyake vyote vilikuwa tayari jikoni kwetu. Karai tuliligeuza kichwa chini: Kito aweke miguu ya mbele juu yake, kisha ajifunze kuizungusha ile ya nyuma. Dada alisema mbwa wengi hawajui kama wana miguu ya nyuma, inawafuata tu. Ndoo tuliiweka katikati ya ua, aizunguke kwa kubana kona. Ngazi ya kuchumia parachichi tukailaza chini, apite katikati ya vidato bila kuvikanyaga. Kiganja changu wazi, akiguse kwa pua. Na ule niliopenda kuliko yote: mmoja anamshika Kito kifuani, mwingine anakimbia akimwita, na anapoachiwa anatoka kama jiwe la manati.

Kila alipopatia tulisema "Safi!" papo hapo, kisha dagaa mmoja. Dagaa wakavu wa Mwanza, wasiotiwa chumvi. Neno kwanza, dagaa baadaye. Dada alikuwa mkali kwa hilo kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunifundisha.

Sasa nifike kwenye ubao.

Kati ya vifaa vya ajiliti kuna ubao wa kupanda na kushuka, kama ule wa watoto, wenye urefu wa karibu mita 3.7. Mbwa anapanda upande mmoja, anapita katikati, ubao unageuka na kugonga chini kwa kishindo. Mbwa wengi wepesi na hodari wanashindwa hapo. Wanachoogopa ni ule mlio, na kitu kusogea chini ya miguu yao. Kwa hiyo mtoto wa mbwa anafundishwa mapema kwamba mlio ni wake, yeye ndiye mwenye kuupiga. Dada alitafuta ubao mfupi, akaweka kipande cha tofali chini katikati, na upande unaogonga akatandika gunia lililokunjwa mara nne. Ubao ulishuka kama kidole kimoja tu, bila sauti. Kito akigusa kwa ukucha, "Safi!", dagaa. Kila siku mkunjo mmoja wa gunia uondolewe. Mmoja tu.

Siku ya tatu dada alikwenda Mwika sokoni na shangazi. Nami nilitaka arudi akute Kito anajua. Nililitoa gunia lote. Kito hakutaka kusogea, nikambeba, nikamsimamisha juu ya ubao kwa mikono yangu. Ubao ukageuka ukapiga saruji: paa! Kito akapiga ukelele nisiousahau, akanichomoka, akaingia chini ya uchaga wa kuni, akajikojolea. Nilimwita. Nilimwonyesha dagaa. Nililala kifudifudi kwenye vumbi la kuni, na nilichokiona ni macho mawili tu ndani kule, yananitazama mimi, hayautazami ubao.

Dada aliporudi nilimwambia ukweli. Hakunigombeza. Alisema, "Tunaanza upya, na safari hii ubao hatuugusi. Ataugusa yeye."

Siku mbili Kito hakukanyaga ule upande wa ua. Tulimlisha mbali nao, kisha karibu kidogo, kisha karibu kidogo zaidi. Hatukumwita. Ilikuwa vigumu kwangu kuliko ninavyoweza kueleza, kukaa na dagaa mkononi bila kusema neno.

Siku ya tatu jioni umeme ulikatika. Baba alikuwa kwenye kigoda mlangoni na sinia la maharage mapajani, taa ya chemli miguuni pake. Mimi na dada tulikaa chini, migongo ukutani. Ubao ulikuwa katikati yetu, gunia limekunjwa mara nne kama siku ya kwanza. Tulikuwa hatufanyi chochote. Nasikia hadi leo punje zilivyokuwa zikidondoka kwenye sinia, ti, ti, na ganda likitupwa pembeni.

Kito alikuja kwa ubavu, tumbo chini. Akanusa ncha ya ubao. Akarudi nyuma. Akaja tena. Mguu wa mbele wa kulia ukainuka, ukabaki hewani unatetemeka, ukucha mmoja mweusi kuliko mingine. Dada aliweka mkono wake juu ya goti langu akaubana. Ule mguu ukashuka. Ubao ukazama kwenye gunia, hata mlio haukutoka.

"Safi," nilisema, na sauti ikanitoka nyembamba kama ya mtoto.

Akala dagaa. Akatazama ubao. Akarudi mwenyewe. Mara ya pili, ya tatu. Mara ya sita alitumia miguu miwili. Dada akachomoa mkunjo mmoja, polepole, na ubao ukatoa mlio mdogo: tu. Kito akasimama. Masikio yote mawili juu, mara ya kwanza kuyaona yote mawili juu. Alitazama ubao, akanitazama mimi, akautazama tena, kisha akaupiga makusudi. Tu! Akanigeukia mkia ukimzungusha mwili mzima. Nilikuwa nalia, na dada analia, na tunacheka.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba maharage yamenyamaza.

Baba alikuwa ameshika ganda moja mkononi, halipasui. Alimtazama Kito kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Simba alikuwa anaogopa radi."

Hatukujibu.

"Akilia usiku, nilikuwa natoka na fimbo. Nampiga anyamaze."

Tulijua. Tulikuwa tunasikia tukiwa kitandani, mimi na dada chini ya blanketi moja, mvua inapiga bati, kwanza radi, kisha mlango wa baba, kisha mnyororo ukiburutika kwenye saruji. Tulikuwa tunafahamu fimbo ile, ilikuwa haichagui. Lakini sikuwahi kumsikia baba akiitaja. Alisema vile tu, akapasua lile ganda, punje zikadondoka, akaendelea na kazi yake mpaka umeme ukarudi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Dada alirudi kwao baada ya mwaka mpya. Gunia liliisha mkunjo kwa mkunjo, na kufikia Februari Kito alikuwa anaukimbilia ubao ukiwa mtupu juu ya saruji, anaubamiza hadi majirani wanauliza tunajenga nini. Alipokomaa tulimwekea viunzi vya fito, akaruka vizuri. Mashindano hakuwahi kuingia, mtaani kwetu hayapo, wala sikuyatafuta. Mnyororo haukumgusa shingo. Baba mwenyewe ndiye aliyeutoa kwenye msumari, asubuhi moja bila maelezo, akaenda kulifungia geti.

Baba alifariki 2019. Siku ya kugawa nguo, koti lake la kijivu la shambani lilinijia mimi. Nilipotia mkono mfukoni niliukuta umejaa vumbi lenye mafuta, vichwa vya dagaa na mifupa laini iliyosagika, mpaka kwenye mshono. Hatujawahi kumwona akimpa Kito kitu chochote. Kumbe huko shambani kulikuwa na michezo yao, mimi sikualikwa, na Kito hawezi kunisimulia.

Nimejaribu mara nyingi kuamua lile koti linaniambia nini. Kuna siku linanitosha. Kuna siku namkumbuka Simba katika mvua, na halinitoshi hata kidogo.

Asubuhi iliyofuata baada ya ule upepo nilimsimulia binti yangu. Nilimweleza kuhusu kitenge, karai na ngazi, na jinsi nilivyomtisha Kito kwa haraka zangu. Nilimweleza babu yake alikuwa kwenye kigoda na maharage. Yale maneno ya babu niliyaruka. Ana miaka sita.

Alisikiliza hadi mwisho, kidole kwenye sikio la Kito. Kisha akauliza, "Na Simba, yeye mlicheza naye mchezo gani?"

Nilimwambia aende jikoni akalete dagaa.

Akaenda. Nilisikia kifuniko cha kopo, kisha nyayo zake zikipita uani hadi getini, kisha mnyororo ukifunguliwa. Kito alikwisha kuinuka.