Hoteli ya kikoloni Cusco, na ukuta uliokuwepo kabla yake

Nimetoka Cusco, Peru, nimelala siku nne kwenye hoteli iliyo karibu kabisa na uwanja mkuu wa mji wa kale, na kuna jambo limenikaa moyoni naomba niliandike kabla halijapoa.

Kwenye tangazo waliandika hoteli ya mtindo wa kikoloni. Nilisita kidogo kulisoma, maana kwa Kiswahili neno hilo halimuuzii mtu kitu, ukimwambia mtu ana mawazo ya kikoloni umeshamtukana, sasa kule neno hilohilo ni sifa, wanamaanisha ua wa ndani wenye matao, roshani za mbao, paa la vigae vyekundu, ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu. Nikabuku hivohivo kwasababu picha zilikuwa nzuri na niliweza kwenda kila sehemu kwa miguu.

Na nzuri ni nzuri kweli. Unaingia kwenye mlango mkubwa wa mbao ambao farasi anapita na mtu wake mgongoni, unapiga hatua chache tu kelele za barabarani zinakatika, unajikuta uani, maua kwenye vyungu, juu anga la bluu, na vyumba vyote vimeuzunguka huo ua kwa ghorofa mbili. Kuta za juu ni matofali ya udongo yaliyokaushwa na jua, nene mno, mchana nje jua linachoma ila ndani kumepoa. Usiku sasa ndo habari nyingine, mji uko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari na mimi nilienda mwezi wa 7, baridi ya huko ni ya kweli, afu dari liko juu sana kwahiyo joto lote la hita linapanda huko linakuacha wewe kitandani, niliongezewa mablanketi mawili ndo nikalala. Siku ya kwanza kichwa kiligonga kwa ajili ya hewa nyepesi, wakanipa chai ya majani ya koka ambayo pale mapokezi ipo muda wote, ila kilichonisaidia zaidi ni kupumzika na kutembea taratibu. Mkienda msipange mizunguko mikubwa siku ya kwanza, nawaomba.

Chumba changu kilikuwa cha juu, cha mbele, chenye roshani. Ndo vyumba vinavyogombaniwa.

Asubuhi ya pili nashuka kwenda kunywa chai, nikapita kakorido kembamba ka chini, pembeni kuna ukuta haufanani kabisa na nyumba. Mawe meusi ya kijivu, yamechongwa yakabanana bila chokaa wala udongo katikati, nikajaribu kupitisha kona ya kadi ya chumba kwenye kiungio ikagoma. Na ukuta wenyewe haujasimama wima, umeegemea kwa ndani kidogo. Mama mmoja wa usafi aliniona nimeganda pale, akaja akaweka kiganja chake kwenye jiwe akasema "rumi". Ni Kikechua, lugha ya wenyeji wa huko, maana yake jiwe. Akaonyesha chini, Inka, yaani watu waliotawala huko kabla ya wakoloni, akaonyesha juu, Wahispania. Maneno machache tu ila nyumba nzima ilinibadilikia pale.

Maana ndivyo mji ulivyojengwa. Pizarro, yule kamanda wa Kihispania aliyeivamia nchi, na watu wake waliingia Cusco Novemba 1533, na mwaka uliofuata, 1534, wakautangaza kuwa mji wa Kihispania wakagawana viwanja, na viwanja vyenyewe ni majumba ya watawala wa Inka na nyumba zao za ibada. Hawakuanza upya, walibomoa sehemu ya juu wakaacha msingi na kuta za chini, wakapandisha udongo na vigae vyao. Mawe mengine waliyashusha kutoka Sacsayhuamán, ile ngome iliyoko kilimani juu ya mji. Coricancha, hekalu la jua, kuta zake zilikuwa zimefunikwa mabamba ya dhahabu, yakabanduliwa yakaenda kwenye fidia ya kumkomboa Atahualpa, mfalme wa Inka waliyekuwa wamemteka, na yeye wakamuua vilevile, afu juu ya hekalu likajengwa kanisa na nyumba ya watawa wa Santo Domingo.

Tarehe 21 Mei 1950 tetemeko kubwa likaupiga mji. Santo Domingo ikaporomoka sehemu kubwa, na vumbi lilipotua kuta za Inka zilizokuwa zimefichwa mle ndani zikaonekana, zimesimama. Ile kuegemea ndani ndo siri yenyewe, pamoja na milango na madirisha yaliyo mapana chini na membamba juu, na mawe kushikana yenyewe kwa yenyewe. Nilienda kuziona mchana ule, nikakaa zaidi ya saa nzima, watu wanapiga picha wanapita mimi nipo tu.

Jioni nikarudi nikasimama kwenye roshani yangu naangalia uwanja, taa za njano, kanisa kuu, watoto wanacheza. Ni uwanja huohuo Túpac Amaru, mfalme wa mwisho wa Inka wa Vilcabamba, makao yao ya mwisho, alikatwa kichwa mwaka 1572, na huohuo tarehe 18 Mei 1781 walipomuua Túpac Amaru wa pili aliyeongoza uasi dhidi ya Wahispania, pamoja na mkewe Micaela Bastidas, mke akitangulia kuuawa. Baada ya hapo wakapiga marufuku hadi mavazi ya Inka. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai nikashindwa kuimalizia. Sisemi watu wasilale kwenye nyumba hizi, mimi mwenyewe nimelala na ningelala tena, zikiachwa zitabomoka na mafundi wanaojua kuzitunza watakosa kazi. Ila inaniuma kwamba kwenye kijitabu kilichokuwa chumbani kulikuwa na ukurasa mzima wa roshani na fanicha, na ule ukuta wa chini haukutajwa hata kwa sentensi moja. Anayelipia usiku pale anastahili kuambiwa amelala juu ya nyumba ya nani.

Nikashuka mapokezi nikaomba kuhamishwa. Kulikuwa na chumba cha chini nyuma ya ua, kidogo, dirisha moja, giza kidogo, na kelele za watu wanaokula asubuhi zinaingia zote kwasababu ua unazungusha sauti. Lakini ukuta mmoja wa chumba ni ule wa mawe. Dada wa mapokezi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika maana nashuka daraja na pesa hairudi, nikamwambia nina uhakika.

Usiku wa mwisho nilisogeza kitanda kikagusa jiwe. Lilikuwa la baridi mwanzo, nikaweka mkono nikauacha hapohapo, na kabla sijapitiwa na usingizi lilikuwa limeshapata joto chini ya kiganja.