Matairi ya trela la kulala: hatimaye nimepata dawa

Kiangazi hiki, hapa Arizona, trela letu lilipasua tairi mara mbili barabarani. Kwanza nikafunga jingine la mtumba. Halafu nikapunguza upepo nikidhani napunguza joto. Kumbe upepo mdogo ndio unaolipandisha.

Nikalala chini na tochi. Upande wa ndani wa tairi, kwenye namba inayoanza na herufi DOT, tarakimu nne za mwisho zilisomeka 1915: yaani limetengenezwa wiki ya 19, mwaka 2015. Limezeeka. Kashata (meno ya tairi) zilikuwa bado nzima kabisa, ndiyo maana sikushtuka!

Nikapima trela mizani likiwa na maji na mizigo yote, kisha nikanunua manne mapya ya saizi ST225/75R15, daraja E la mzigo: kila moja hubeba uzito wa hadi pauni 2,830 kwa upepo wa psi 80 (psi ni kipimo cha upepo). Fungeni na vali za chuma. Zile za kawaida za mpira mwisho wake psi 65. Juzi tumerudi salama, watoto wamelala.