Lisbon: Usiku wa Fado, Asubuhi ya Leso

Nimerudi juzi, na goti la kushoto bado linauma. Njia za miguu za Lisbon zimetandazwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vidogo kama vipande vya kashata, vikapangwa mawimbi na maua. Vinapendeza mno. Mvua ikinyesha huwa sabuni. Siku ya kwanza tu, katikati ya uwanja wa Rossio, niliteleza nikakaa kitako mbele za watu. Binamu yangu, anayesoma huko, alicheka kwanza ndipo akaniinua.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Kwetu Mreno ni somo la darasani: alikuja, mwaka 1505 akautia mji moto, 1593 akaanza kujenga Fort Jesus, 1698 Waomani wakamtimua. Kwa hiyo nilipokwenda Belém kuiona monasteri ya Jerónimos nilijiandaa kukasirika.

Kaburi la Vasco da Gama liko karibu na mlango. Sanamu yake imelala chali juu ya jeneza la mawe, viganja vimekutana kama mtu anayeomba. Watalii wanapanga foleni kupiga picha. Nilisimama pale nikaisubiri hasira, haikuja. Kilichokuja ni uchovu wa miguu. Kisha nikainua macho. Jamani, zile nguzo! Zinapanda juu nyembamba, zimechongwa kuanzia chini hadi juu, zikifika darini zinatawanyika kama makuti ya mnazi. Nje, kwenye ua wa ndani, mawe yamesokotwa kama kamba za merikebu. Wenyewe wanaiita Manueline, kwa jina la mfalme Manuel wa Kwanza, ambaye ndiye aliyemtuma Gama. Pesa za kujengea zilitoka kwenye ushuru wa biashara ya ng'ambo, viungo vikiwemo. Fundi aliyezichonga kamba zile alikuwa fundi kweli, siwezi kumnyima hilo. Bili ndiyo walitumiwa wengine.

Halafu kuna maneno. Unapita njiani unasoma vibao: mesa, vinho, bandeira. Kwenye kila kanisa, igreja. Hapo nilisimama nikacheka peke yangu, maana neno hilo ndilo lililotuzalia gereza. Wao wanaingia kusali, sisi tunafungwa.

Bairro Alto usiku sikuimudu. Vijana wamejaa barabarani na glasi mkononi, kila mlango na muziki wake, na mimi mtu wa kahawa. Tukateremka Alfama. Jina lenyewe ni la Kiarabu, na mtaa ulisalimika kwa sehemu kubwa katika tetemeko la 1 Novemba 1755 lililouvunja mji. Vichochoro ni vya kupishana kwa ubavu, nguo zimeanikwa juu ya vichwa, mabibi wamekaa vizingitini wakikuangalia unatoka wapi. Ungeniambia niko nyuma ya msikiti wa Mandhry ningekubali.

Tuliingia chumba cha fado, zile nyimbo za majonzi za Kireno, chenye meza kama nane. Taa zikapunguzwa. Mhudumu aliyekuwa amebeba sahani akasimama palepale alipo. Mwanamke wa makamo, shali nyeusi mabegani, akafumba macho, na gitaa la nyuzi 12 likaanza kumjibu. Sikuelewa neno hata moja. Ila alipofika mahali fulani akaishikilia sauti, akaikunja, nikaisikia taarabu ya harusini kwetu, ile ya usiku wa manane waimbaji wamekwisha pasha koo. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Nilikuwa nimenyanyuka nusu, noti ya euro tano vidoleni, nikamtunze, binamu akanidaka kiwiko. "Keti, kaka! Hapa hawatunzi." Nikaketi. Hakuna aliyekohoa mpaka wimbo ukaisha. Kwetu kimya kama kile kingemfanya mwimbaji adhani amechusha.

Asubuhi ya kuondoka niliingia duka la vitambaa. Kibao kilisema lenços. Vitambaa vyeupe vya mraba, vimedariziwa ndege, mioyo na mashairi ya mapenzi. Zamani wasichana wa Minho, kaskazini, walimdarizia kijana wanayemtaka. Akikivaa hadharani, amekubali. Muuza duka akanionyesha maneno yaliyokosewa herufi: yanaachwa hivyohivyo, kwa kuwa wasichana wale waliandika kama walivyotamka.

Kwetu husimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya Mreno, wakaunga sita, tatu juu na tatu chini, wakajifunga. Ndiyo leso. Nilimnunulia mamangu kimoja.

Jana alikigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Kaleso kadogo haka. Jina lake lasemaje?"

"Sijui, mama. Ni mambo ya mapenzi, na lina makosa ya herufi."

Akakikunja mara nne, akakitia kashani. Kasha nalo ni neno lao, ila hilo sikumwambia.