Siku Moja Maishani Mwangu: Mwalimu, Wanafunzi 38 na Maji ya Bamvua

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeketi barazani mwa nyumba ya wageni tuliyofikia Watamu, pwani ya Kenya, nikisikiliza adhana kutoka upande wa mjini na kuikodolea macho karatasi moja kwa mwanga wa simu. Karatasi hiyo ilikuwa ratiba ya ziara yetu, niliyoiandaa kwa majuma matatu, ikapigwa mhuri na mwalimu mkuu na nakala zake kugawiwa wazazi. Ilisema kwamba siku ya pili tungekwenda kwenye magofu ya Gede saa mbili asubuhi kabla ya jua kuwa kali, ufukweni saa tano, na kwenye mikoko ya Mida saa tisa. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemwonyesha mzee ambaye angetuongoza, Mgiriama aliyevuka miaka sitini, naye aliisoma hadi mwisho kwa heshima, akaikunja, akanirudishia.

"Mwalimu," aliniambia, "kesho ni bamvua, siku ya maji kujaa sana na kupwa sana. Maji yatakupwa kabisa saa nne na dakika ishirini. Ukija saa tano, utakuwa hujakaa vizuri nayo yameshaanza kurudi, na watoto wa bara hawajui kurudi pamoja nayo."

Mimi hufundisha Kiswahili na Masomo ya Jamii katika shule ya sekondari msingi kaunti ya Nyeri, na kwa miaka kumi na moja nimeandika ubaoni maneno "kupwa na kujaa" nikayaeleza kwa ufasaha wa mtu ambaye hajawahi kuyaona. Maji ninayoyajua mimi ni ya Mto Chania, nayo hayana habari ya kurudi yalikotoka. Kwa hiyo alfajiri ile nilitoa kalamu, nikakata mistari mitatu iliyopigwa mhuri, na kuipanga siku upya: ufukweni kwanza, Gede baada ya chakula cha mchana, Mida mwisho. Nilifanya hivyo kwa shingo upande, kwa kuwa nilijua Gede ya saa nane mchana ingekuwa ya joto na watoto wangesinzia.

Saa kumi na mbili na nusu wanafunzi waliamka, wavulana kumi na saba na wasichana ishirini na mmoja wa Gredi ya 8, wengi wao wakiwa bado na uchovu wa basi la kutoka Nyeri, treni ya kutoka Nairobi, na basi jingine la zaidi ya kilomita 100 kutoka Mombasa. Mama aliyetupikia aliwasubiri mlangoni. Nilikuwa nimewafundisha njiani kuamkia kwa "shikamoo", salamu ambayo kwetu huonekana zaidi katika kitabu kuliko kinywani, na thelathini na wanane hao wakaitamka kwa pamoja kama wimbo wa gwaride. Mama alicheka, akaitikia "marahaba" mara moja kwa wote, akawapa mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri yaliisha kabla sijaketi.

Saa tatu kasorobo tulikuwa tumeshalipa ada na kuingia katika hifadhi ya bahari. Hifadhi ya Watamu, pamoja na ile ya Malindi, ilitangazwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa hifadhi za bahari za kwanza kabisa barani Afrika. Ndani yake hairuhusiwi kuvua wala kuokota kitu, hata kombe tupu. Nililirudia agizo hilo mara tatu. Kisha nikawahesabu, na naomba msomaji asishangae nikitaja kuhesabu mara kwa mara, kwa sababu mwalimu aliyepeleka watoto baharini hana kazi nyingine kubwa kuliko hiyo. Katika watoto wote hao, waliojua kuogelea walikuwa wawili.

Nilichokiona asubuhi ile sikuwa nimekitarajia. Bahari ambayo jioni iliyopita ilikuwa ikipiga chini ya majabali ilikuwa imeondoka, ikaacha uwanja mpana wa mchanga, majani ya baharini na mwamba wenye vidimbwi. Visiwa vidogo vya mawe vilivyosimama ghubani, ambavyo mawimbi yamevila chini hadi vikafanana na uyoga, sasa vilifikika kwa miguu. Mzee alitutangulia na fimbo yake, akitukataza kukanyaga matumbawe yaliyo hai, na kila alipoinama sisi sote tuliinama. Alituonyesha jongoo bahari aliyelala kama soksi iliyosahauliwa, mkunga aliyetoa kichwa chake tunduni na kukirudisha, na mnyama mwenye mikono mitano ambaye mwanafunzi mmoja alikimbilia kumtaja kwa Kiingereza.

"Huyo ni kiti cha pweza," mzee akasema.

Watoto walilipenda jina hilo kupita kiasi. Mmoja aliuliza ikiwa pweza hukikalia kweli, na mzee akamjibu kwamba yeye amevua miaka mingi kabla ya kuwa kiongozi wa wageni na hajamkuta pweza ameketi, ila pengine humsikia akija, akaondoka. Nilijuta kuwa sikuwa nimewahi kulifundisha neno hilo.

Mwenzangu wa Sayansi Jumuishi alisimama kwenye mchanga mkavu akachora kwa kidole jua, dunia na mwezi vikiwa katika mstari mmoja, na kueleza kuwa wakati wa mwezi mchanga na mwezi mpevu mvuto wa jua huungana na wa mwezi, hivyo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini katika pwani yetu huzidi mita 3. Darasani somo hili humchukua vipindi viwili, na baadaye nusu ya darasa hulikosea katika mtihani. Pale lilimchukua dakika tano, kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamesimama mahali ambapo saa sita baadaye wangefunikwa. Kisha mzee akagonga jabali la ufukweni kwa fimbo na kuwataka watazame vizuri, nao wakaona ndani ya jiwe michirizi na vishimo vile vile vya matumbawe waliyotoka kuyaona majini. Mwenzangu alieleza kuwa jabali hilo ni mwamba wa matumbawe uliokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo.

Saa tano na robo mzee alisema tu "Haya," akageuka. Sikuona sababu. Dakika kumi baadaye vidimbwi viwili tulivyokuwa tumevivuka bila kulowa vilikuwa vimeungana nyuma yetu.

Nilihesabu, nikapata thelathini na saba, moyo ukanipasuka, nikahesabu tena. Wa thelathini na nane alikuwa amechuchumaa nyuma ya jabali, akiutazama mfuko wa kaptura yake uliokuwa ukicheza. Alikuwa ameokota kombe zuri la konokono, na ndani ya kombe hilo alikuwamo kaa mdogo, wale wasio na gamba kamili la kwao ambao huhamia katika makombe yaliyoachwa na wengine. Nilikuwa tayari kumkaripia mbele ya wote, lakini mzee alinitangulia.

"Kombe ni nyumba, mwanangu. Hata lile tupu lina mpangaji njiani. Ukilibeba Nyeri, huku kuna mtu atalala nje."

Kijana alirudi hadi kwenye kidimbwi kilichokuwa karibu, mzee akiwa kando yake, akaliweka chini kwa mikono miwili.

Chakula cha mchana kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na kuhusu mlo huo nitasema tu kwamba watoto waliokulia githeri huwa na hofu kubwa ya miiba, na kwamba walimu wanne walikula vizuri sana siku hiyo.

Tulifika Gede saa nane na nusu. Nilikuwa nimejiandaa kwa usingizi na malalamiko, ila nilikuwa nimeisahau miti. Magofu yale yamo ndani ya msitu wa mibuyu na miti mingine mikubwa, na kivuli chake hufanya alasiri iweze kuvumilika. Kima walitushukia mara tu waliponusa ndizi, wakamnyang'anya msichana mmoja mfuko wake wa karatasi kwa ustadi wa kondakta wa matatu.

Ningependa kueleza Gede kwa kirefu, kwa sababu ndipo siku ilipofunguka. Ni mji wa Waswahili ulioanza karne ya 12 hivi, ukastawi katika karne ya 15 na kuachwa mapema katika karne ya 17. Serikali iliutangaza kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, mwanaakiolojia James Kirkman akauchimba kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Tarehe hizo nilikuwa nimezichapa, na nilianza kuzisoma. Msichana mmoja, mkimya sana darasani, hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameweka uso wake karibu na ukuta wa jumba la mfalme.

"Mwalimu," alisema, "hili ni lile jiwe la asubuhi."

Lilikuwa ndilo. Kuta za Gede zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa iliyozishika ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Wenzake walikusanyika, wakaanza kutafuta michirizi na vishimo. Niliikunja karatasi yangu. Tangu hapo sikuhitaji kuwavuta. Waliona kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 kwa kalenda yetu ya kawaida. Waliona nyumba zilizopewa majina kwa vitu vilivyofukuliwa ndani yake, mkasi, makombe ya kauri, bakuli la kaure ya Kichina. Na waliinama juu ya kisima kikavu. Baadhi ya wataalamu hudhani kwamba kushuka kwa maji ya visima ni mojawapo ya sababu zilizouua mji, nami niliwaachia wabishane. Wareno walikaa karibu, Malindi, kwa takriban karne nzima, na hawakuandika lolote tunalolijua kuhusu mji huu. Kwa jambo hilo wanafunzi wangu walikuwa na nadharia saba, mojawapo ikiwahusu kima.

Swali lililobaki bila jibu lilikuwa la mvulana aliyepima chumba kwa hatua zake. Kwa nini matajiri wenye vyombo vya China walijenga vyumba virefu lakini vyembamba hivi? Mzee alitabasamu, akaniambia nisimjibu. "Jibu liko Mida. Na maji yanatungoja."

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi tuliingia kwenye njia ya mbao iliyoning'inizwa katikati ya mikoko ya Mida. Ada ya mahali hapo huingia katika mfuko wa karo za wanafunzi wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, jambo lililowafanya wanafunzi wangu waitazame tikiti kwa makini zaidi. Maji yalikuwa yamejaa, yakipita kimya chini ya miguu yetu. Mzee aliwalambisha jani la mchu ili waonje chumvi ambayo mti huo huitoa kupitia majani yake, na akawaonyesha mbegu za mkoko zinazochipua zingali juu ya mti, ndefu kama kalamu. Kisha akaushika mti mmoja ulionyooka.

"Hii ndiyo boriti," alisema. "Ndiyo iliyobeba dari za Gede. Boriti ina urefu wake, na chumba hakiwezi kuizidi."

Mvulana wa hatua alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mti ndio uliopima nyumba." Nimefundisha insha kwa miaka mingi, na sentensi hiyo ningependa kuwa niliisema mimi. Nilijua vilevile kwamba kama ratiba yangu ingefuatwa, tungalikwenda Gede kwanza, tukatazama kuta na upana wa vyumba bila kuwa na la kuuliza.

Tulibaki hadi jua likazama nyuma ya msitu na mwezi mpevu ukachomoza upande wa bahari, mkubwa na mwekundu. Hakuna aliyetaka kuondoka. Niliwahesabu wakipanda basi.

Saa nne usiku, maji yalipokuwa yakikupwa tena nje gizani, nilipita bweni la wavulana na tochi. Kesho yake tungeondoka mapema kuwahi treni ya Mombasa, na nilikuwa nimeshaulizwa na watano kama hatungeweza kupita ufukweni kwanza, ingawa maji yangechelewa kukupwa kwa dakika arubaini na zaidi. Kumi na saba wote walikuwamo. Yule wa kombe alikuwa amelala kifudifudi, mkono wake wa kulia ukining'inia nje ya kitanda, ngumi imefumbwa. Nilisita, kisha nikamfungua vidole polepole nimulike. Hamkuwa na kitu ila mchanga.