Kijana Chini ya Mti na Watu wa Listra

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mei 2005, wilayani Bara, kusini mwa Nepali, kijana wa miaka 15 aitwaye Ram Bahadur Bomjon aliketi kutafakari chini ya mti wa pipali, jamii ya mkuyu, ambao Wabudha husema chini ya mti kama huo Siddhartha, yaani Buddha, alipata nuru. Zikapita wiki, ikavuma kwamba hali wala hanywi. Watu wakamiminika kwa maelfu. Wasimamizi walizungushia uzio, watu wakawa wanamwona kwa mbali tu, na usiku pazia lilifungwa. Pembeni vikaota vibanda vya chai na vya picha zake.

Novemba ikasemekana ameumwa na nyoka na amekataa dawa. Someni hapo Matendo 28. Kule Malta nyoka alipomning'inia Paulo mkononi, watu walisema huyu ni mwuaji. Walipoona havimbi, wakasema ni mungu. Vinywa ni vilevile, na Paulo hajahubiri hata neno moja.

Linalotuumiza ni hili: siku hizohizo kijana mwenyewe alituma ujumbe kwamba asiitwe Buddha, nguvu za Buddha hana. Jina likamganda. Mjini Listra nako (Matendo 14) watu waliwaita Paulo na Barnaba miungu, ng'ombe na mashada ya kuwatolea sadaka yalikwisha kufika langoni, mitume wakararua mavazi yao, na bado makutano walizuilika kwa shida. Lakini angalieni miguu ya mitume: walikwenda mbio, wakaingia katikati ya watu. Waligusika, wakaulizika.

Kuzijaribu roho si kudharau imani ya jirani. Mwili usiopata maji kabisa hudumu siku chache, mara chache kupita wiki. Kwa hiyo anayesema mtu amekaa miezi kumi bila kula wala kunywa anahitaji shahidi wa mchana na wa usiku pia, upande ule wa pazia. Kamera za televisheni ya Discovery ziliwahi kumrekodi saa 96, asionekane kula wala kunywa. Huo ni ushuhuda wa siku nne, tuupokee kwa siku nne. Machi 2006 alitoweka pale mtini. Miaka mingi baadaye, Januari 2024, polisi walimkamata kwa tuhuma nzito. Hizo ni za mahakama, tusizigeuze mahubiri.

Basi habari ya mtakatifu mpya ikifika kwenye kikundi chenu cha maombi, mwulizeni aliyeileta: umeona, au umeambiwa? Nani alikesha naye? Sadaka inahesabiwa mbele ya nani? Yeye mwenyewe anasemaje juu ya jina analopewa? Na kama ni mtoto, wazazi wake wako wapi, na nani anamwangalia afya yake?

Wiki hii tuwaombee vijana waliopandishwa madhabahuni kabla hawajakomaa. Kwa kila jina mtakalotaja, mmoja wenu aende akamtembelee kabla ya Jumapili, asimwombe unabii wala upako, ampelekee chakula na akae naye hadi ale.